Ngozi ya Nchi

Ukishuka Athi River kutoka treni ya Mombasa, ile inayosimama vituo vya katikati, vumbi la saruji ndilo la kwanza kukukaribisha. Viwanda vimetanda kila upande, na malori yaliyosheheni mifuko hupishana hadi njia panda ya Namanga. Nilishuka na furushi la karatasi nene za pamba, nimezizungushia kanga zisije zikakunjika, nikapanda matatu ya Kitengela. Makanga akauliza kama ni ramani za ploti. Nikamwambia ni karatasi tupu. Akasema Kitengela siku hizi hakuna kitu kitupu, kila kitu kina mwenyewe.

Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Sensa ya 2019 ilihesabu watu zaidi ya 150,000 katika mji huu. Ranchi ya pamoja ya Kitengela ilipogawanywa kwa wanachama wake mwaka 1988, sehemu kubwa ya eneo hili ilikuwa malisho, na msimu wa mvua nyumbu na punda milia walitoka Mbuga ya Taifa ya Nairobi kupitia ukingo wake wa kusini, ambao tangu mbuga itangazwe mwaka 1946 umeachwa bila ua, wakasambaa nyikani. Sasa barabara imepambwa kwa mabango ya ploti za 50 kwa 100, maduka ya vifaa vya ujenzi, na nguzo za ua zilizosimama mahali ambapo hata nyumba bado haijaanza.

Nimeziona picha nyingi za Kajiado. Karibu zote zimepigwa kwa mbali: anga kubwa, mgunga mmoja, mchungaji mwenye shuka jekundu. Za wauza ploti nazo hupigwa kutoka juu, kwa droni, ardhi ikaonekana tambarare kama meza iliyofutwa. Mimi nilikuja kutafuta namna ya kuionyesha nchi hii kwa karibu, kwa kiganja. Ndiyo maana nilikuja na karatasi, sikuja na kamera.

Mwenyeji wangu ni mwalimu wa sanaa kama mimi. Nyuma ya nyumba yake amejenga karakana ya mabati, na ndani yake ipo mashine ya kuchapia aliyotengenezewa na fundi wa jua kali: mabomba mawili manene ya chuma, moja juu ya jingine, meza ya bati zito inayopita katikati yake, na usukani wa kuzungusha kwa mkono. Tulikuwa tumekubaliana sharti moja kwa simu: chochote kitakachobandikwa kwenye bamba kitoke kati ya Kitengela na mji wa Kajiado.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuiona kazi hii, kolagrafu ni uchapaji usiochonga. Anayechapa kwa mbao huondoa. Anayechapa kwa shaba hukwaruza, au huiachia asidi iile metali. Wa kolagrafu huongeza. Unakata kadibodi, unabandika juu yake vitu vyenye sura tofauti kwa ncha ya kidole, vikikauka unavipaka vanishi mbele na nyuma ili visinyonye wino, kisha unasugua wino kwenye bamba zima na kuufuta. Panapokwaruza hubaki na wino mwingi na kutoa weusi. Palipo laini hufutika na kutoa mwanga. Mwisho unalaza karatasi yenye unyevu juu ya bamba, unafunika kwa blanketi, unapitisha kwenye mashine. Glen Alps, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Washington kule Seattle, ndiye aliyeipa njia hii jina katikati ya miaka ya 1950, ingawa Rolf Nesch, Mjerumani aliyehamia Norway, alikuwa ameanza miaka mingi kabla yake kuunganisha vipande vya chuma juu ya mabamba.

Tulianzia sokoni. Mwenyeji wangu hutembea soko la Kitengela akipapasa vitu, na wauzaji wamemzoea. Kwa muuza vitunguu tulipata neti nyekundu zilizochanika. Kwa mama wa mahindi ya kuchoma tukaokota maganda, yale ya ndani yaliyo laini na ya nje yenye mishipa. Kwenye nyumba inayojengwa tulipewa mifuko mitupu ya saruji. Karatasi yake ya kahawia, ukiikunja na kuikunjua mara nyingi, hupata mikunjo midogo inayofanana kabisa na udongo mweusi wa Kitengela unapopasuka wakati wa kiangazi. Nilifurahi mno nilipoligundua hilo. Udongo ule ni adui wa wajenzi, huvimba mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka, na wanalazimika kuuchimba na kuutoa kabla ya kuweka msingi. Hapa ulikuwa umejichora wenyewe kwenye mfuko wa saruji iliyoletwa kuufunika.

Vitu vingine tulivikataa. Miiba ya mgunga hutoboa karatasi. Seng'enge halisi ingeliacha alama kwenye bomba la mashine na kupasua blanketi. Kanuni ya mwenyeji wangu ni kwamba kitu kisipite unene wa sarafu, na kikipita kipigwe nyundo au kiachwe. Kwa ua, basi, tulitumia kamba nyembamba ya mkonge, tukaifunga mafundo madogo kila baada ya inchi moja, na mafundo hayo ndiyo yakawa miiba.

Palikuwa na suala la weusi. Bamba linahitaji sehemu nyeusi hasa, nyeusi ya usiku, na kamba na maganda hayatoshi. Katika miaka ya 1960 Henri Goetz, mchoraji mzaliwa wa Marekani aliyeishi Ufaransa, alionyesha kwamba ukinyunyiza chenga za silikoni kabaidi juu ya gundi, zinashika wino kiasi cha kutoa weusi mzito kama mahameli. Mimi nilikuwa nimefikiria vumbi la kioo, kwa sababu tulikuwa karibu na Kitengela Glass, karakana iliyo ukingoni mwa korongo la Mbagathi, ng'ambo ya mbuga. Nani Croze, msanii aliyetoka Ujerumani, alihamia huko mwishoni mwa miaka ya 1970 akaanza kazi ya vioo vya rangi, na baadaye mwanawe Anselm akawasha tanuri za kuyeyusha vioo vya madirisha vilivyotumika na kuvipuliza kuwa glasi na mitungi.

Tulikwenda kwa bodaboda, kwenye njia ya mawe inayokung'uta mifupa. Kule kila ukuta umebandikwa vipande: vijia, mabenchi, sanamu, mpaka mapaa. Nilitembea nikipitisha kiganja juu ya kuta zile na kuona kwamba mtu aliyekuwa amefanya kazi hapa alilielewa jambo ninalolitafuta. Mambo mengi tunayoyaita takataka ni sura ambayo haijapewa mahali. Lakini vumbi la kioo hatukulichukua. Mwenyeji wangu alikataa kata kata: kioo kilichosagwa kikipeperuka huingia mapafuni na hakitoki, na yeye hufundisha watoto. Tukarudi mjini, tukaingia duka la vipuri vya magari na kununua msasa mweusi wa maji, ule wanaotumia mafundi wa rangi. Chenga zake ni silikoni kabaidi ile ile ya Goetz, tayari imeshabandikwa. Tuliukata kwa mkasi umbo la kivuli cha mti, tukaugundisha. Hauna vumbi, hauna hatari, na bei yake mwanafunzi yeyote anaweza kuimudu.

Bei ni jambo la msingi. Shule zetu nyingi zimeukwepa uchapaji kwa imani kwamba unahitaji shaba, asidi na mashine ya kutoka ng'ambo. Imani hiyo inatunyima mengi. Belkis Ayón wa Cuba, aliyezaliwa 1967 na kufariki 1999, alichapa kwa kadibodi na gundi katika miaka ambayo nchi yake ilikosa karibu kila kitu baada ya kuanguka kwa Umoja wa Kisovieti. Chapa zake ni kubwa kuliko mtu, zimeunganishwa karatasi kwa karatasi, na watu wake weusi na weupe wasio na vinywa wametoka kwenye hadithi za Abakuá, chama cha siri ambacho asili yake ni Afrika Magharibi, maeneo ya Calabar. Nijuavyo mimi, hakuna aliyeifikisha kolagrafu mbali kuliko yeye. Na hapa Kenya tulikuwa na Rosemary Karuga, aliyesoma Makerere mwanzoni mwa miaka ya 1950, akafundisha shule kwa miaka mingi, kisha akarudi kwenye sanaa uzeeni akitunga picha za wanakijiji na wanyama kwa vipande vya pakiti za unga na karatasi za sabuni. Yeye hakuzipitisha picha zake kwenye mashine. Lakini kila nikiona kazi yake naona bamba la kolagrafu linalosubiri wino. Angezaliwa jirani na mashine kama ile ya Kitengela, sijui tungekuwa na nini leo.

Kupaka wino ni kazi ya uvumilivu, na ndiyo sehemu ninayoipenda zaidi. Tulitumia wino wa mafuta, ule wa wapiga chapa wa magazeti na kalenda, tukauingiza kwa mswaki wa zamani kwenye kila tundu la neti na kila mshipa wa ganda la hindi. Kisha tukafuta kwa shashi, kwa mzunguko, bila kukandamiza. Ukifuta sana bamba linakuwa na njaa; ukifuta kidogo linatoka limefurika. Mkono huambiwa na kitambaa wakati wa kuacha: mwanzoni kitambaa hunata, halafu kinalegea, halafu kinaanza kuteleza, na hapo katikati ya kulegea na kuteleza ndipo unaposimama. Hakuna kitabu kinachoweza kukufundisha hilo. Mwenyeji wangu alinishika kiwiko na kunisimamisha, kama mtu anavyomzuia mwenzake kuvuka barabara.

Tukalaza karatasi iliyoloweshwa, blanketi juu, tukazungusha usukani. Mashine ililia. Kuinua karatasi kutoka pembeni, polepole, ukiona sura inavyoachana na bamba, ni furaha ambayo sijaizoea hata baada ya miaka ya kazi hii. Chapa ya kwanza ilikuwa hafifu, kama ilivyo kawaida ya bamba jipya. Ya pili ilisema. Chini palikuwa na udongo uliopasuka, juu yake nyasi za maganda ya mahindi, kivuli cheusi cha mgunga, na kutoka upande hadi upande ua wa mkonge wenye mafundo. Neti ya vitunguu ilikuwa imegeuka joto la mchana linalotetema. Na karatasi yenyewe ilikuwa imebonyea. Ukifumba macho unaweza kuisoma.

Siku iliyofuata tulielekea Kajiado. Barabara ya Namanga ikishavuka Isinya hufunguka, na upepo unabadilika. Isinya tulisimama kwa mafundi wa ngozi na shanga, wakatuuzia vipande vilivyobaki baada ya kukata viatu na mikanda, vingine bado vina manyoya. Karibu na mji wa Kajiado tukachukua udongo mwekundu pembeni mwa barabara iliyochongwa, ndoo ndogo tu. Kazi ya udongo ni kuuchanganya na maji mengi, kuuacha mchanga ushuke, kumimina yale maji mekundu yanayobaki juu, kuyaacha yatulie, kukausha tope laini linalobaki chini, na kulisaga kwa mafuta ya kitani. Unapata wino wenye rangi ya udongo wa nyumbani. Katika kaunti hii hii, kule Olorgesailie kwenye barabara ya Magadi, watafiti walitangaza mwaka 2018 kwamba wamekuta vipande vya mawe ya rangi vilivyofanyiwa kazi na binadamu takriban miaka 300,000 iliyopita. Mtu aliketi Kajiado akasaga jiwe ili apate wekundu, wakati ambapo sehemu kubwa ya dunia haikuwa na mtu wa kufanya hivyo. Nililifikiria jambo hilo kila nilipozungusha jiwe langu juu ya kigae.

Mji wenyewe umekua kando ya reli inayotoka Konza kwenda Ziwa Magadi kuchukua magadi. Magadi hayo ndiyo mama zetu huyatia kwenye maharage yalainike haraka, na mwenyeji wangu huyatumia kwa kazi nyingine: huchemsha mabaki ya mkonge ndani yake kwa saa nyingi, nyuzi zinalegea, anazitwanga na kutengeneza karatasi. Karatasi ya mkonge ni ngumu, ina rangi ya mchele, na hupokea wino vizuri kuliko nilivyotazamia.

Bibi mzaa mama wa mkewe anaishi nje ya mji, na familia nzima humwita Koko. Tulimkuta amekaa kivulini anatunga shanga. Mwenyeji wangu alimwamkia, "Takwenya," naye akaitika, "Iko," halafu akaniamkia mimi kwa Kiswahili na kuuliza habari za bahari. Tulimwonyesha chapa. Hakuishika mbali na macho kama tunavyofanya sisi kwenye maonyesho. Aliilaza mapajani na kuipitishia vidole, kutoka chini kwenda juu.

"Huu ni udongo wa Kitengela," alisema. "Sisi huku hatuna mpasuko wa namna hii."

"Ndiyo, Koko."

Vidole vikafika kwenye mkonge, vikafuata fundo kwa fundo mpaka mwisho wa karatasi, vikarudi. "Na hii?"

"Ni ua, Koko."

"Toeni."

Alitueleza, bila haraka, shanga zikiwa bado mkononi, ng'ombe walivyokuwa wakipelekwa wakati wa ukame kutoka huku mpaka Athi bila kuuliza mtu. Ardhi ilikuwa ya ranchi za pamoja, zilizowekwa kwa sheria ya mwaka 1968, kisha kipande kwa kipande ikapata hati na majina. Wengine waliuza. Ukame wa 2022 ulipokuja, waliobaki na mifugo walifuata nyasi wakakuta lango. Hakuinua sauti. Alichotaka ni picha ya nchi anayoijua yeye, na kwa maoni yake haikuwa kazi ngumu: kilichobandikwa hubandukika.

Tulirudi Kitengela, tukalikalia bamba. Mwenyeji wangu aliingiza ncha ya kisu chini ya mkonge na kuuvuta. Gundi ilikuwa imeshika na vanishi imefunika, kwa hiyo kamba ilitoka na ngozi ya juu ya kadibodi, ikaacha mfereji uliochanika, wenye nyuzi nyuzi. Tuliongeza vipande vya ngozi ya Isinya juu ya nyasi, manyoya yakielekea upande mmoja kama mgongo wa ng'ombe anayetembea. Tukapaka wino mwekundu wa Kajiado, tukafuta, tukarudia juu yake kwa rola yenye wino mweusi mwepesi, tukachapa kwenye karatasi ya mkonge.

Mahali pa ua palitoka peusi kuliko ua wenyewe. Yeyote anayeijua kazi hii angelitarajia, maana kadibodi iliyochanika hushika wino kuliko kamba iliyopakwa vanishi. Lakini kulijua jambo na kuliona likiinuka kutoka kwenye bamba ni mambo mawili. Mstari ulipita kwenye nyasi, kwenye ngozi, kwenye udongo, mnene, wenye kingo zilizoraruka. Mwenyeji wangu alitaka kuuziba kwa gundi ya mbao. Gundi ikikauka inakuwa laini na kutoa weupe. Nilimsihi asifanye hivyo. Tulibishana kwa muda mrefu na kwa dhati, yeye akishikilia kwamba ameahidi kutoa ua, mimi nikishikilia kwamba ameutoa. Mwishowe tulikubaliana kumpelekea Koko zote mbili, ya ua na ya bila ua, achague mwenyewe.

Alizipapasa kwa zamu. Ya kwanza aliirudisha haraka. Kwenye ya pili alianza na manyoya, akatabasamu, akasema fundi wa Isinya ametuuzia ngozi ya mbuzi na kutudanganya kuwa ni ya ndama. Kidole kikafika kwenye mstari mweusi. Akaufuata mpaka mwisho, akauliza kama ile karatasi inaweza kutoka nyingine kama hiyo hiyo. Tukamwambia inaweza, bamba lingali na nguvu ya chapa chache, na hakuna itakayofanana kabisa na nyingine.

"Basi hii nabaki nayo," alisema. "Na nyingine mpelekeeni mjomba wenu. Ndiye aliyeuza."

Wino mwekundu ulikuwa umebaki wa kutosha. Jioni ile ile tulichapa ya mjomba.